Acha Iheme Kwanza

"Kama si gari lako, basi ni la nani, Kinyozi? Niambie nikamgombeze huyo."

Mama Mapazia alikuwa amesimama katikati ya ua wa watu, pazia jeupe amelitandaza mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama shahidi aliyechoka kusubiri kuitwa. Wala hakuwa na haja ya kulionyesha. Doa lilijionyesha lenyewe: duara la masizi, ukubwa wa mdomo wa kikombe, bado bichi, na linanuka.

Kinyozi aliinama akalinusa. Ilikuwa harufu ya petroli iliyoungua nusu nusu, tamu na kali kwa pamoja, ile ile iliyokuwa ikirudi nyumbani kila jioni katika mashati ya kaka yake. Akajiinua haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Alimjibu jirani kwa upole ule anaouweka akiba kwa wateja wenye vipara wanaodai kunyolewa mtindo. Gari halijatoka, akamwambia. Tangu msiba liko juu ya stendi za chuma, magurudumu yamepangwa nyuma ya jiko, na hata mtoto akitaka kulisukuma hataweza. Mama Mapazia akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akasema yeye ni mshonaji wa mapazia, mambo ya stendi hayajui. Anachojua ni kwamba kila siku, saa za kuanua nguo, gari linapita nyuma ya ukuta wake likipiga mluzi, linasimama pale getini, linanguruma weee, na moshi wake unaingia kwenye kamba zake. Siku nyingine alivumilia. Leo pazia ni la bibi harusi, na bibi harusi haanzi maisha kwa kufungua dirisha lenye jicho jeusi.

"Linalia hivi," akasema. Akabana midomo, akatoa mluzi mwembamba uliopanda na kupanda, ukakatika ghafla kwa chafya moja ya puani.

Aliiga vizuri mno. Kutoka jikoni Shangazi akaitikia bila kufikiri, "Pole na mafua."

Shangazi akachungulia mlangoni, mwiko mkononi, uso umempauka, akawatazama mmoja baada ya mwingine apate kujua ni nani aliyepiga chafya ile.

Msikilizaji asipotee njia, gari lenyewe lilikuwa la kaka mkubwa wa Kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Subiri. Aliliagiza ng'ambo, likaja na meli: dogo, la chini, rangi ya wino, na tundu kama pua juu ya boneti. Halikuwa gari la kubebea mizigo wala la kwendea harusini. Lilikuwa gari la mbio, na mbio zake zilitoka kwenye turbo. Turbo ni konokono la chuma linalokaa ubavuni mwa injini. Moshi unapotoka unalizungusha, nalo linaishindilia injini hewa, basi gari linaondoka kama limetukaniwa mama yake. Dereva akiachia mafuta, ile hewa iliyobanwa inapasuka nje, chaf. Ndipo majirani wakalibatiza Chafya, na Shangazi, mpenda utani kuliko usingizi, akaanza kulipa pole kila liingiapo getini. Utani ukageuka mazoea, na mazoea hayaulizi ruhusa.

Jina la Subiri nalo lilitokana na gari. Konokono lile likikimbizwa hupata moto mpaka likawa jekundu kama kaa. Kinacholiponya ni oili inayopita ndani yake. Ukizima injini papo hapo, oili inasimama, inaungulia humo humo kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, na konokono linakufa. Kwa hiyo Subiri akifika nyumbani hakuzima. Alikaa ndani, mikono juu ya usukani, injini inanguruma taratibu, akiangalia mshale wa joto ushuke. Viko vifaa vya umeme vya kufanya kazi hiyo vyenyewe, rafiki zake wenye magari kama lile walikuwa navyo, wakamsihi anunue. Alikataa. Alisema mgonjwa haachiwi saa ukutani, mgonjwa anakaliwa.

Mama yao angetoka mlangoni kumwambia chakula kinapoa. Na jibu lilikuwa moja tangu gari lifike. "Acha iheme kwanza, mama. Ikimaliza nakuja." Mama alikuwa hali kabla ya mwanawe wa kwanza kukaa, basi na nyumba nzima haili. Wageni walicheka kwamba katika nyumba ile anayeruhusu watu kunawa mikono ni injini.

Mchana mmoja Subiri akashikwa na kifua. Kinyozi, ambaye siku zote aliruhusiwa kuliosha Chafya na kulipeleka mpaka kona na kurudi, ndiye aliyekuwapo. Akakilaza kiti cha abiria, akamlaza kaka yake, akaliendesha vile ambavyo hakuwahi kuota. Subiri alikuwa akimgonga gotini kwa vidole: sasa badilisha gia, bado, sasa. Walipofika mlango wa dharura wa hospitali, Kinyozi akazungusha ufunguo, akauchomoa.

"Acha iheme," Subiri akasema.

Kinyozi akamwambia gari ni bati tu, akamtupa mgongoni, akakimbia naye ndani. Subiri akatoka hospitali ile kwa miguu ya watu.

Hakuna aliyemlaumu Kinyozi. Hata Shangazi, anayeweza kuilaumu mvua kwa kulowesha, hakumlaumu. Kinyozi alipokwenda kulichukua gari baada ya mazishi, injini iliamka kwa ukelele mmoja wa chuma kwa chuma, moshi wa buluu ukafunika maegesho, likazimika. Likavutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga hadi nyumbani, kama mbuzi asiyetaka mnada. Na kile kiti cha abiria hakikuinuka tena. Kinyozi alivuta kishikio, akapaka grisi, akaweka goti. Kiti kililala vile vile, mgongo chini, kama kuna mtu juu yake.

Sasa turudi uani, maana Mama Mapazia bado ameshika pazia lake.

Kinyozi aliona maneno hayatamsaidia. Akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwa taulo la saluni yake, akakifungua mbele ya jirani. Ilikuwa ile turbo. Ilitoka kwa fundi wa kuzifufua juzi tu, imesuguliwa, imetiwa moyo mpya, inang'aa. Akampa aishike. Mama Mapazia akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa watu, akashangaa uzito wake, akagusa pangaboi dogo la ndani kwa ncha ya kidole, likazunguka bila sauti.

"Hiki ndicho kinachopiga mluzi?" akauliza.

"Hicho."

"Hakuna kingine?"

Kinyozi alikuwa anafungua kinywa kumjibu hakuna, mluzi ukasikika.

Ulianzia mbali, kule barabara inakopinda. Ukapanda. Gia ikashushwa, injini ikapandisha pumzi, halafu chaf. Safari hii Shangazi hakusema pole. Kokoto zikasagika nje ya ukuta, breki zikanong'ona kidogo, na kitu kikasimama getini kikanguruma taratibu. Mbele yao, juu ya stendi zake, Chafya lilikuwa kimya, boneti wazi, bila magurudumu, na pale panapokaa turbo pana tundu unaloweza kutia ngumi. Lakini spana zilizokuwa juu ya bawa la gari zilianza kutetemeka. Zikagongana polepole, ting, ting, kwa mpigo ule ule wa injini iliyokuwa nje.

Mama Mapazia aliikumbatia turbo kifuani.

Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka, mama akatoka akijifunga kilemba. Hakuwatazama. Alikwenda na mwendo wake mpya, ule wa mtu anayepima ardhi kabla ya kuikanyaga, akainua komeo, akafungua geti mabawa yote mawili, akasogea pembeni kama mtu anavyosogea kulipisha gari.

Nje palikuwa na barabara tupu na jua la jioni. Vumbi lilikuwa limelala. Lakini ngurumo ilikuwepo, mahali pale pale, kwenye kizingiti, na hewa ya moto ikaingia chini chini ikavuruga pindo la pazia jeupe. Mama alingoja. Kinyozi alimwona akipungia mkono kidogo, njoo, njoo, kama anavyomwongoza dereva asikwaruze nguzo. Hakikuingia kitu. Baada ya muda ile sauti haikuondoka, wala haikuzimwa. Iliisha tu, kama kelele ya friji inavyoisha masikioni mwako nawe usijue ni saa ngapi imenyamaza.

Mama akafunga geti. "Bado," akasema. Akaingia ndani, na wote watatu walioachwa uani wakasikia sahani ikifunikwa.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Gari na mapazia yalikuwa ya juu juu tu. Tangu msiba mama hajala chakula cha jioni, na cha mchana anakionja kama anayeangalia chumvi. Alimwambia Kinyozi mara moja tu, bila kulia, kana kwamba anaeleza hali ya hewa: kaka yako yuko nje, anasubiri iheme, nami nitakulaje mtoto yuko getini? Daktari wa zahanati alimpima kila kinachopimika, akasema mama huyu hana ugonjwa, ana njaa. Pete yake ya ndoa ilikuwa ikimvuka kidole, na ni Mama Mapazia mwenyewe aliyeizungushia uzi isidondoke. Juzi uzi ule nao ulikuwa umelegea.

Ugomvi ukafa hapo. Mama Mapazia alikunja pazia, doa kwa ndani, akairudisha turbo kwenye taulo lake. Alimwambia Kinyozi kwa sauti ndogo, kama watu wanavyosemezana wodini, "Mama yako anakwisha, mwanangu. Na huyo aliyeko nje haingii. Fanya moja."

Usiku ule watu wa nyumbani walifanya yao. Mjomba alitaka gari liuzwe kesho yake, liende na mkosi wake kwa mwenye uwezo wa kuubeba. Shangazi alitaka liuzwe, lakini kwanza lioshwe kwa maji ya kisima, na mtu wa kuliosha asiwe yeye. Kila mmoja aliongea, maana nyumba ile haijawahi kuwa na uhaba wa maneno, na mama alikaa katikati yao akitazama sahani iliyofunikwa. Kinyozi alikuwa akifikiria kwamba gari likiuzwa, kinachokuja getini hakitauzwa nalo. Kitaendelea kuja. Na mama ataendelea kufungua, mpaka siku mikono yake itakaposhindwa na komeo.

Asubuhi alifunga saluni, akaenda kumwita Fundi Kidevu.

Fundi Kidevu alikuwa na ndevu za kidevuni tu na alifanya kazi akiimba, kwa hiyo mtu aliweza kujua kazi inakwendaje kwa kusikiliza wimbo. Aliingia chini ya gari akiimba vizuri. Kwanza wamwage oili ya zamani, alisema, konokono jipya halinyweshwi uchafu. Akaweka beseni, akafungua nati ya chini. Wimbo ukakatika. Akatoka mbio kwa mgongo, akikung'uta vidole.

"Nani amewasha hili gari leo?"

Kinyozi alimwambia hakuna. Fundi akauliza jana je. Kinyozi akamkumbusha kwamba halina turbo, halina magurudumu, na betri yake iko saluni inaendesha mashine ya kunyolea umeme ukikatika. Fundi akatazama beseni. Oili iliyokuwa ikishuka ilikuwa nyeusi tititi, nyembamba kama chai, na ilikuwa inatoa mvuke.

Hakuimba tena siku ile. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilifanyika. Walifunga gasketi mpya, wakabana mabomba ya maji na ya oili, wakakaza vibano vya hosi mpaka vikalia. Kabla ya kufunga bomba la juu, Fundi alimwachia Kinyozi chupa ya oili, kwa kuwa hilo ni la mwenye gari. Kinyozi akaimimina kidogo kidogo kwenye tundu la turbo huku akizungusha pangaboi kwa kidole, vile alivyomwona kaka yake akifanya, konokono lisiamke na koo kavu. Betri ikarudi kwake, magurudumu yakavikwa. Walizungusha injini bila kuipa moto mpaka taa ya oili ikazimika. Kisha wakaipa moto.

Chafya liliamka bila kikohozi. Kutoka upande wa pili wa ukuta cherehani ya Mama Mapazia, iliyokuwa ikikimbia, ikasimama.

Fundi alikusanya spana zake upesi kuliko kawaida yake. Getini aligeuka akasema jambo ambalo si la ufundi. Alisema, "Ukilitoa, lirudishe mwenyewe. Usimpe mtu." Akaondoka.

Kinyozi aliangalia jua. Saa za kuanua nguo zilikuwa zinakaribia. Akafunga mkanda, akatoka.

Alishika njia ya hospitali, njia ile ile, na aliliendesha vile vile. Si kwa kujionyesha. Alijua tu kwamba kitu kilichokatizwa katikati hakiwezi kumaliziwa kutoka mwanzo mwingine. Kwenye barabara pana aliliachia, mluzi ukapanda, mgongo wake ukazama kitini, nguzo za taa zikaanza kupita kama meno ya kitana. Na hapo, japo alikuwa na hofu, moyo wake ulifurahi, naye akaona haya kwa furaha ile. Akaelewa kwa mara ya kwanza kaka yake alikuwa akitafuta nini katika chuma. Kwenye kilima alichelewa kubadilisha gia. Injini ikalia. Akagongwa gotini, goti la kushoto, vidole viwili, sasa.

Akabadilisha. Hakutazama kushoto. Macho aliyaweka barabarani, na shingo yake ikawa ngumu kama mpini wa jembe.

Alisimama mbele ya mlango wa dharura, pale pale. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo, kwa mazoea, akaurudisha. Injini ikanguruma. Mshale wa joto ulikuwa juu. Mlinzi wa lango alikuwa ameshamwona na alikuja na rungu na maneno yake tayari, kwamba hapa si maegesho, kwamba nyie wenye magari ya kelele mna matatizo, kwamba kila siku namsikia mmoja wenu hapa na nikitoka simkuti. Alikuja kwa upande wa abiria. Akainama dirishani kumalizia hotuba yake.

Rungu likashuka.

Alikaa vile, ameinama, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuisahau. Kisha akavua kofia. Sauti iliyotoka haikuwa ile aliyokuja nayo.

"Samahani, bwana. Sikujua una mgonjwa. Kaeni tu."

Akaondoka kinyumenyume, akasimama mbali, akawazuia wengine wasiingie.

Kinyozi alibaki anautazama mshale. Jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi, hakulifuta. Upande wa kushoto palikuwa na joto ambalo halikutoka kwenye injini, na mara moja mkanda wa kiti kile ulisuguana na kitambaa, kama mtu anapojigeuza apumue vizuri. Feni ya rejeta iliwaka, ikavuma, ikazima. Ikawaka tena. Mshale ukashuka unywele mmoja. Angeweza kuzima sasa. Kwa kanuni za gari, ilitosha.

Lakini alifikiri: nilimleta hapa, nikamwacha hapa. Nikizima hapa, nimemwacha mara ya pili.

Akaingiza gia ya kwanza, akatoka polepole. Mlinzi akawapigia saluti.

Njia ya kurudi hakuliharakisha. Hakukuwa na mluzi wala chafya. Turbo ililala, gari likatembea kama mtu mzima anayetoka kumsindikiza mgeni. Alizungumza kidogo. Alieleza habari za nyumbani, kwamba Shangazi amegombana na Mjomba juu ya ndoo, kwamba nywele za vijana siku hizi hazina mpaka, kwamba kioo cha saluni kimepasuka. Hakusubiri jibu, naye hakulipata. Walipofika barabara inakopinda, kishikio cha kiti cha abiria kikafanya tak. Kitu kizito kikainuka kando yake bila haraka. Kinyozi alikaza mikono kwenye usukani, akapinda kona.

Geti lilikuwa wazi tayari. Mama amesimama pembeni, kilemba kimefungwa, anapunga, njoo, njoo, angalia nguzo. Nyuma yake Shangazi, na juu ya ukuta kichwa cha Mama Mapazia, ambaye ni lazima alikuwa amepanda juu ya kiti chake cha kushonea. Magurudumu yakasaga kokoto, yakapita kizingiti. Kinyozi alilisimamisha mahali pake chini ya bati, akaondoa gia. Hakuzima.

Mama alifunga geti kwanza, na komeo. Kisha akaja mpaka mlangoni mwa nyumba, akageuka, akasema kama anavyosema siku zote, "Chakula kinapoa."

Kinyozi alifungua kinywa. Alikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye aliyejibu, midomo yake ilitembea. Lakini Shangazi alidondosha mwiko, na baadaye hakuna aliyemshawishi kwamba sauti ile ilikuwa ya Kinyozi.

"Acha iheme kwanza, mama. Ikimaliza nakuja."

Wakangoja. Ua mzima ulingoja. Spana iliyosahauliwa na Fundi dirishani ilikuwa ikitetemeka, ting, ting, kisha ikapunguza, kisha ikatulia. Mshale ulishuka mpaka chini ya nusu ukasimama. Injini ilibadilika sauti, ikawa laini, kama mtu aliyetua mzigo akakaa juu yake. Kinyozi alizungusha ufunguo.

Kimya kilichokuja kilikuwa kikubwa. Chuma kikaanza kupoa, tik, tik, polepole. Hapo ndipo alipogeuza shingo yake. Kiti cha abiria kilikuwa kimesimama wima, na kitambaa cha mgongoni kilikuwa na bonde la mgongo wa mtu, linajijaza taratibu.

Mama alikuja upande ule. Akafungua mlango wa abiria, akangoja kadiri mtu mrefu anavyohitaji kujitoa ndani ya gari fupi, akaufunga bila kuubamiza, kwa kuwa Subiri alichukia milango inayobamizwa. Kisha akaongoza kuingia ndani, mkono wake wa kulia umening'inia kando, vidole vimekunjwa kidogo, kama vimeshika vingine.

Kinyozi alifuata. Mezani sahani zilikuwa nyingi kama zamani. Kiti kilichoko dirishani kilikuwa kimevutwa nje, na mbele yake palikuwa na sahani iliyopakuliwa ikajaa. Mama alinawa, akakaa, akachota tonge, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza. Akachota jingine. Shangazi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa la kusema, aligeukia ukutani akalia ndani ya kanga yake. Mjomba akaanza kula kwa haraka sana, macho ndani ya sahani, asije akaona kitu.

Ndipo pakasikika hodi. Mama Mapazia alikuwa mlangoni, nywele zimejaa nyuzi, pazia jeupe mikononi. Alikuwa amelikunjua. Alilitazama, akaligeuza, akatazama upande wa pili. Lilikuwa jeupe lote.

"Nilikuja tu kusema," akaanza, akasahau alichokuja kusema. Macho yake yalikuwa yamefika mezani. Yakapita kwa Shangazi, kwa Mjomba, kwa Kinyozi, yakafika dirishani, yakakaa hapo. Akarudi hatua moja hadi kizingitini.

Mama alikuwa akitafuna. Alimeza kwanza, maana alikuwa mtu wa adabu, akamsogezea sahani safi.

"Pita ndani ule, jirani, mbona unasimama kama mgeni? Kaa popote upendapo, ila hicho cha dirishani kina mtu."